Kibwagizo cha Mpiga Lipu

Pale gazetini walimwita Mzee Mizani. Yeye alijifanya jina halipendi, lakini ukimwita kwa jina jingine hageuki upesi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhariri wa ukurasa wa mashairi wa gazeti lile la kila Jumamosi, na miaka yote hiyo alikaa chumba kilekile cha ghorofa ya kwanza, chenye meza moja, dirisha lisilofunguka, na kabati la chuma ambalo sharti ulipige teke kidogo ndipo litoe faili. Alikuwa akisoma huku kidole gumba kinapita juu ya pingili za vidole vingine, moja baada ya nyingine, akihesabu silabi. Mstari ukiisha kabla ya hesabu kutimia, uso wake ulikunjamana mithili ya mtu aliyeuma punje ya mchanga kwenye wali.

"Mimi shairi silisomi," alizoea kuwaambia vijana wa habari. "Nalihesabu. Maana ni mali ya mwenyewe. Mizani ndiyo mali yangu."

Juu ya ukurasa wake palichapwa onyo kila wiki kwa herufi nene: shairi lisilotimia mizani na vina halitachapishwa. Na popote alipokaa, kwenye harusi, kwenye msiba, hata kwa kinyozi, aliapa kwamba hajapata kuongeza wala kupunguza silabi moja katika shairi la mtu. Zima linaingia ukurasani, bovu linaingia kapuni, basi.

Huo ulikuwa uongo, na afadhali tuuseme mapema. Mashairi mazima hayaji kwa wingi kiasi hicho. Kuna wiki zilifika bahasha kumi, tisa zikichechemea, na ukurasa hauwezi kutoka mtupu. Wiki kama hizo Mzee Mizani alifunga mlango, akatoa kalamu nyekundu, akatia "ni" hapa na "na" pale, akanyoosha kilichopinda, kisha akapeleka kwa wapangaji kurasa. Washairi walipoona kazi zao zimetoka zimenyooka, kila mmoja alidhani ni yeye aliyehesabu vizuri. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyejua pia, hata binti yake.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee, na tangu mama yake afariki waliishi wawili tu. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo kilichokuwa kwenye jengo refu la barabara kuu, ghorofa ya tatu, cherehani mia mbili katika ukumbi mmoja. Mlangoni simu zote zilitiwa kwenye sanduku, likafungwa kwa kufuli mpaka saa ya kutoka. Kitu pekee walichoruhusiwa kuingia nacho ni chakula chao na gazeti la kufungia chakula. Kila Jumamosi binti aliwahi gazeti kabla ya baba yake hajavua viatu, akafungua ukurasa wa mashairi, akahesabu kwa vidole vyake. Mzee Mizani akimwona hivyo kichwa kilimvimba kwa fahari. Alijisemea kwamba damu haipotei, na hakuuliza zaidi.

Jumatatu ile alifika kazini mapema kuliko kawaida. Jumatano yake alikuwa ameombwa awafundishe walimu wa sekondari namna ya kuchambua shairi: mizani, vina na takriri. Hii ya mwisho ndiyo marudio ya neno au mstari, na ndiyo inayowatesa wanafunzi kwenye mitihani. Alihitaji mfano. Akamchagua mshairi aliyekuwa akimpelekea kazi kila wiki kwa wiki hizo za karibuni, mtu aliyejiita Mpiga Lipu. Vina vyake vilikuwa safi, mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kushika vitu vizito, na bahasha zake, zilizotumbukizwa kwenye sanduku la barua la gazeti kila Jumapili, zilikuwa na vumbi la kijivu lililobaki vidoleni.

Bahasha mpya ilikuwa imefika. Akaiweka kando. Akalipiga teke kabati, akatoa karatasi tano za wiki zilizopita, zile zenyewe alizoandika mshairi, zikiwa na marekebisho yake mwenyewe kwa wino mwekundu. Akazipanga mezani. Kisha akachukua karatasi kubwa na rula, akachora vyumba kumi na sita kwa kila mshororo, nane kushoto na nane kulia, ili walimu waone kwa macho jinsi silabi zinavyokaa. Akanakili ubeti wa kwanza wa wiki ya kwanza, silabi moja kila chumba:

Chini panauzwa dawa, juu kuna cherehani,
Na ngazi imepakawa, rangi kama ya majani,
Ufa haukuzibiwa, wapakwa lipu usoni,
Nguzo ya kati yalia, ni nani wa kusikia.

Vyumba vyote vilijaa. Akaandika pembeni: vina vya kati "wa", vina vya mwisho "ni", mshororo wa nne una vina vyake kwa kuwa ni kibwagizo, mstari unaorudi mwisho wa kila ubeti. Alitia alama kila mahali kwa raha, akipiga mluzi.

Wiki ya pili. Mishororo mitatu ya juu, kumi na sita kila mmoja, haina kasoro. Kibwagizo: "Nguzo ya kati yalia, nani wa kusikia." Kumi na tano. Chumba kimoja kilibaki tupu, na juu yake, katika karatasi ya mshairi, "ni" nyekundu ya mhariri ilikuwa imechomekwa. Alikumbuka. Alidhani mtu kapitiwa tu.

Wiki ya tatu: "Nguzo ya kati yalia, nani asikia." Kumi na nne. Hapo alikuwa amefuta nusu ya pili yote na kurudisha kibwagizo cha wiki ya kwanza, kwa sababu kibwagizo hakibadiliki, kila mwanafunzi anajua. Wiki ya nne: "Nguzo ya kati yalia, mwasikia." Kumi na mbili. Wiki ya tano: "Nguzo ya kati yalia, sikia." Kumi na moja. Zote mbili alizifuta vivyo hivyo, kwa wino mwekundu, bila hata kukaa kitako.

Mluzi ukakoma. Akapasua bahasha mpya ya asubuhi ile.

Mishororo mitatu ya kila ubeti ilitimia. Wa nne ulisema "Nguzo ya kati yalia," ikafuata mkato, na baada ya mkato hapakuwa na kitu. Vyumba nane vya upande wa kulia vilikuwa vitupu.

Mzee Mizani alikaa akivitazama. Tuseme ukweli, jambo la kwanza alilohisi ni furaha. Mtu asiyekosa silabi hata moja katika mishororo mitatu, wiki sita mfululizo, hawezi kukosa kwa bahati mbaya katika ule wa nne. Alikuwa anapunguza kwa makusudi! Basi hii ilikuwa bahari mpya ya ushairi, shairi linaloliwa mkia wiki kwa wiki, na yeye ndiye aliyeigundua. Akafikiria jinsi walimu watakavyoinua macho. Akafikiria jina la kuipa. Kisha akakumbuka kwamba gazetini kibwagizo kilikuwa kimetoka kilekile mara tano, kimetimia kumi na sita mara tano, kwa mkono wake. Hapo ikamjia aibu kidogo, ya mtu anayetafuta namna ya kuwasingizia wapangaji kurasa.

Lakini walimu wangeuliza kwa nini. Walimu huuliza kwa nini kila kitu. Kwa nini kipungue? Kwa nini moja, moja, halafu mbili, halafu moja, halafu tatu? Hesabu haikuwa na mpango wa mtu anayejipambia kazi. Basi, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, Mzee Mizani aliweka mikono mezani, vidole vimetulia, akalisoma shairi kama wasomavyo watu wengine.

Chini panauzwa dawa.

Dawa zake za shinikizo la damu alizinunua kwenye duka lililo chini ya kiwanda anachofanya kazi binti yake.

Juu kuna cherehani. Na ngazi ya rangi ya majani alishaipanda mwenyewe, siku ile alipompeleka binti kazini kwa mara ya kwanza, akashika ukingo wake na kutoka na rangi mbichi kiganjani.

Simu ya mezani ikalia. Dada wa mapokezi alisema kuna mtu chini, kachafuka vumbi tupu, hataki kukaa wala kuandika jina kitabuni, anamtaka mhariri wa mashairi.

"Mlete," alisema Mzee Mizani.

Aliyeingia alikuwa mtu wa makamo, mfupi, kucha zake zimejaa simenti. Mkononi alikuwa na gazeti la Jumamosi limekunjwa kwenye ukurasa wa mashairi. Hakusalimu.

"Wewe ndiye unayehariri hapa?"

"Ndiye mimi. Karibu, fundi."

"Nimelinunua sasa hivi pale kwenye kona." Akaliweka mezani, akakiweka kidole juu ya kibwagizo. "Hii siyo yangu. Mimi sikuandika hivi."

Mzee Mizani alitaka kusema habari ya wapangaji kurasa. Akaacha. "Niliitengeneza," alisema.

"Uliitengeneza?"

"Haikutimia mizani."

Fundi akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

Alichoeleza kilikuwa kifupi. Nguzo ya katikati ya jengo lile ilikuwa imepasuka. Mwenye jengo hakutaka kusikia habari ya kufunga kiwanda, akamwajiri yeye, aje kila Jumapili wakati hakuna watu, apige lipu juu ya nyufa na kupaka rangi, kisha arudi kwao na basi la jioni. Mji wake ulikuwa mbali na gazeti halifiki. Alikwenda kwenye ofisi inayohusika na majengo, mara mbili. Mara ya pili alipotoka alimkuta mwenye jengo anamsubiri nje, anatabasamu, na anajua kila neno alilolisema ndani.

"Wanawake wawili waliosema ukumbini kwamba kuna nyufa, walifukuzwa siku hiyohiyo," alisema fundi. "Basi wengine wakaniviza kituo cha basi Jumapili moja. Wanataka alama. Hawawezi kuacha kazi kwa wasiwasi tu, wanataka kujua lini hasa. Nikawaambia, chini kwenye stoo, kwenye shina la nguzo, nimegandisha vipande vya kioo juu ya nyufa. Kipande kimoja mguu huku wa ufa, mguu kule. Ukuta ukitulia, kioo kinakaa. Ukisogea hata unywele, kinapasuka. Nimeweka kumi na sita."

Mzee Mizani alifumba macho.

"Stoo ina kufuli, wao hawaingii. Mimi haruhusiwi mtu kunisogelea. Simu zao zinafungiwa. Ndipo msichana mmoja akasema, baba yangu ana ukurasa gazetini, na gazeti tunaingia nalo. Kila kioo kikipasuka, fundi, wewe ondoa mizani moja kwenye kibwagizo. Mimi najua kuhesabu, nitawahesabia wenzangu. Tukaelewana: ikifika kumi na mbili, wanatoka wote, liwalo na liwe."

"Hakuniambia," alisema Mzee Mizani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alisema ukijua utamwachisha kazi yeye peke yake, wenzake wabaki. Hakutaka." Fundi akapangusa uso, vumbi likageuka tope. "Nilimuuliza, je, baba yako akilikataa shairi kwa sababu limepungua? Akasema hata hilo ni sawa, ukurasa usipokuwa na shairi lako tutajua, tutatoka. Akasema: baba yangu ama anachapa lilivyo, ama anatupa. Haongezi. Ameapa maisha yake yote. Hilo la tatu hatukulifikiria kabisa, mzee wangu."

Nje ya dirisha lisilofunguka gari lilipiga honi, likapita.

"Jana vimepasuka vitatu kwa mpigo," aliendelea fundi. "Kimoja nikiwa nimesimama pale pale, nimekisikia. Sikupanda basi. Nimelala kituoni, asubuhi nimekwenda kuhakikisha hakuna anayeingia. Wameingia wote. Nimepiga kelele pale chini mpaka mlinzi kanitimua. Na wao wapo madirishani juu, wananipungia mkono. Wananionyesha hili gazeti. Wananicheka kwa upole kabisa, wananiambia kwa ishara, tulia, baba, iko sawa, imetimia."

Mzee Mizani alikusanya zile karatasi sita kwa mikono miwili, akatoka bila koti. Ngazini alipiga simu ya ofisi ya kiwanda, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Barabarani magari yalikuwa yamesongamana, hakuna hata moja linalosogea, na kutoka pale hadi kiwandani ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa mguu mzima. Akakimbia. Mtu wa miaka sitini na moja mwenye shinikizo la damu hakimbii vizuri, lakini alikimbia, fundi akiwa mbele yake, watu wakiwapisha wakidhani ni mwizi na anayemfukuza.

Mlinzi alimzuia fundi kifuani, akampisha mzee kwa sababu alimfahamu. "Shikamoo, baba yetu. Huyo kichaa yuko na wewe?" Mzee Mizani alimpita mbio. Alipanda ile ngazi ya kijani, moja tu kwa jengo zima. Ghorofa ya pili alilazimika kusimama apumue, na aliposhika ukuta, lipu mbichi ilibanduka chini ya kiganja chake, bamba zima, ikaanguka kimya juu ya kiatu. Nyuma yake palikuwa na mwanya ambao mkono wake ungeingia.

Ukumbini cherehani zote zilikuwa zinanguruma. Nguzo ilisimama katikati, nyeupe, imetundikwa kalenda na ratiba ya zamu. Msimamizi, kijana mwenye filimbi shingoni, alimjia mbio.

"Mzee, huku hakuna ruhusa."

"Watoe watu. Jengo linaanguka."

Alisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba safu za mbele zilisimamisha mashine. Kimya kikaenea nyuma, safu kwa safu. Msimamizi alicheka, akachukua gazeti kutoka juu ya meza ya mshonaji mmoja. Naye habari za siri ile alikuwa nazo, ilionekana wazi, na hazikuwa zimemnyima usingizi.

"Si mnahesabu hapa? Haya, tuhesabu." Akasoma kwa kukatakata, akiinua vidole. "Ngu, zo, ya, ka, ti..." Wanawake kadhaa walihesabu naye midomo ikichezacheza. Ikatimia kumi na sita. "Mzee, si wewe mwenyewe umelichapa? Nyumbani umeamkaje leo?"

Vicheko vilizuka huku na huku, vya watu waliopata nafuu ya woga. Mzee Mizani alimwona binti yake akisimama safu ya sita. Hakucheka.

"Baba?"

"Nimeongeza mimi," alisema. Ilimbidi aseme tena, maana pumzi haikutosha. "Haikuwa kumi na sita. Nimeongeza mimi, wiki zote. Leo imekuja nane."

"Wewe huongezi, Baba." Hakusema kwa hasira. Alisema akimsahihisha mtu mzima aliyechanganyikiwa, na wenzake walimtazama yeye, si mzee, wakingoja neno lake. "Hujawahi kuongeza. Unaapa kila siku."

"Naongeza. Miaka yote nimekuwa nikiongeza. Nafunga mlango naongeza. Nilikudanganya wewe na nimemdanganya kila mtu." Akamnyooshea zile karatasi, nyingine zikamponyoka zikaanguka kati ya vitambaa. Alijisikia amevuliwa nguo mbele ya wanawake mia mbili, na hakujali.

Binti alipokea karatasi ya juu. Aliona mwandiko wa fundi, mzito, na juu yake wino mwekundu. Ule mwandiko mwekundu aliujua. Ndio uliotia saini ripoti zake za shule. Akaangalia ya pili, ya tatu, midomo ikihesabu. Alipofika karatasi ya nne, ile ya mizani kumi na mbili, uso wake ulibadilika, na Mzee Mizani alitamani angekufa kabla ya kuuona.

Alizima cherehani yake. "Tokeni," alisema. "Wote. Acheni mikoba. Tulitakiwa kutoka wiki iliyopita."

Hakuna aliyebishana naye. Viti viliburuzwa, wakaanza kwenda mlangoni, kwanza kwa kutembea, kisha haraka zaidi. Msimamizi alipuliza filimbi, akapuliza tena, kisha kwenye nguzo, nyuma ya kalenda, kitu kikalia kwa ukali mara moja, na yeye mwenyewe akaitupa filimbi akapenya katikati ya wanawake kutangulia ngazini.

"Twende, mwanangu." Mzee Mizani alimshika mkono.

"Juu kuna chumba cha wakataji wa vitambaa. Watu kumi na wanne. Kule hawasikii kitu kwa zile mashine."

"Nitakwenda mimi."

"Huwezi hata kupumua, Baba."

"Basi waite kwa..."

"Niliwaambia wabaki." Alikuwa anajinasua, kidole baada ya kidole, kwa upole. "Walitaka kuacha kazi. Kila Jumatatu waliniuliza, na mimi niliwaambia imetimia, kaeni. Ni mimi niliyewahesabia." Akauvua mkono wake, akapanda juu. Kundi la nyuma likamkumba mzee, likamgeuza, likamshusha ngazi nzima bila miguu yake kuchagua pa kukanyaga.

Barabarani wanawake walijazana mpaka upande wa pili, magari yamesimama, mwenye duka la dawa ametoka na koti lake jeupe akiuliza kuna nini. Fundi alikuwa anawasukuma watu nyuma zaidi, zaidi. Wakataji walianza kutoka mlangoni, mmoja, wawili, watano pamoja, wamejaa nyuzi kichwani. Mzee Mizani aliwahesabu. Tisa. Kumi. Kumi na mmoja.

Halikuanguka kama alivyofikiria majengo huanguka. Lilikaa chini. Ghorofa ya tatu iliketi juu ya ya pili, zote zikaenda, na mlango uliokuwa wazi mbele ya macho yake haukuwepo tena. Kisha vumbi la kijivu likaja likawafunika wote.

Watu waliofika baadaye, wenye kofia na makoleo, walifanya kazi kwa utaratibu. Mmoja wao, kijana mwenye daftari, alipita akiuliza kila aliyekuwa amekaa ukingoni mwa barabara kama ana mtu ndani. Akachuchumaa mbele ya Mzee Mizani.

"Una nani, baba?"

"Binti yangu. Alikuwa anashuka na wakataji."

"Sawa. Wapo tunaosikia sauti zao upande ule. Nieleze, wakimwona wamjue. Amevaa nguo gani leo?"

Mzee Mizani alifungua mdomo. Asubuhi walikunywa chai meza moja, yeye akichora vyumba vya silabi nyuma ya bahasha, na binti alisimama mlangoni akamuaga, akasubiri kidogo aitikiwe. Aliitikia. Hakuinua kichwa.

Kijana alisubiri, kalamu juu ya daftari. "Rangi tu, baba. Rangi yoyote unayokumbuka."